Uji wa Peres

Alhamisi, 17 Machi 2005

Daktari Mwihaki amenipa daftari hili na kalamu mbili, nyeusi na ya bluu. Ameniambia niandike kila jioni mpaka Juni: nimelala vipi, nimeongea na nani, nimeomba mara ngapi, na lolote lingine lililo moyoni. Nimemwambia mimi sikwenda shule hata siku moja. Herufi nilijifunza ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka hamsini na mbili, kwa sababu nilichoka kusomewa Biblia na watu wanaoruka mistari. Amesema niandike vile ninavyoongea. Ni vizuri, maana njia nyingine siijui.

Yeye ni wa chuo kikuu, si daktari wa sindano. Amesomea vile watu wanavyokaa na wenzao, na vile Mungu na majirani wanavyoingia mpaka kwenye damu ya mtu. Ofisi yake iko Upper Hill, ghorofa ya saba. Jumanne tulikwenda huko, mimi na Peres, kutia sahihi. Anataka kujua kama mtu anayesali na mwenye rafiki, presha yake hukaa chini kuliko ya mtu mpweke.

Nilimwambia, "Mwanangu, hilo ningekujibu nikiwa Riruta, bila kunipandisha huku juu."

Akacheka. "Najua, Cucu," akasema, yaani bibi kwa Kikuyu. "Lakini ni lazima nipime."

Tuko wazee thelathini, wote wa presha. Kila Alhamisi atapita nyumba kwa nyumba na mashine.

Mimi ni Njambi, mama yake Wangui, miaka sabini na mmoja. Peres ni mpangaji wangu, chumba cha tatu nyuma ya nyumba. Alikuja 1983 kutoka Bungoma, mjane mwenye mtoto mmoja, Nashon, ambaye siku hizi yuko Eldoret. Tangu mwaka huo anakunywa uji kwangu kila asubuhi. Hakuna siku tulikaa tukakubaliana hivyo. Alikuja tu, na mimi nikaongeza kikombe.

Ijumaa, 18 Machi

Nimelala vizuri. Nimeomba mara tatu. Nimeongea na Peres.

Jumatatu, 21 Machi

Kama Ijumaa. Joto, mvua hakuna. Peres anasema mvua ya huku ni mvivu, kwao hufika kwa wakati. Nimemwambia arudi kwao akanyeshewe.

Alhamisi, 24 Machi

Mashine imekuja. Yangu 142/88. Daktari amesema nambari za mtu ni siri, hawezi kuniambia za Peres. Peres alikuwa ameshazitangaza dirishani: 150/90. Tunameza kidonge kile kile kimoja cheupe kila asubuhi, kutoka kliniki ile ile, na tarehe ya kuongezewa ni moja, tarehe kumi na moja. Hata mwandiko kwenye bahasha ni wa muuguzi mmoja.

Jumapili, 3 Aprili

Mvua imeanza alfajiri. Mabati ya kanisa yalipiga kelele mpaka ikambidi mhubiri kupiga zaidi. Alikuwa mgeni, kutoka Nakuru. Pasta Kuria alimwachia mimbari.

Huyo mgeni alisema imani ya kweli inaonekana kwa kile mtu anachoacha. Akasema mwenye dawa na alete dawa yake madhabahuni, aache kuegemea fimbo akaegemee aliye juu. Nikaitwa kushika kikapu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Kile kikapu cha sadaka.

Watu watatu walikuja. Wa tatu alikuwa Peres. Alifungua mkoba, akatoa bahasha yake, akageuka kwa kanisa.

"Bwana asifiwe! Mimi ni Peres, nimeokoka, na Yesu ni mwokozi wangu. Miaka tisa nimebeba huu mzigo wa presha. Leo nauacha hapa. Sitaurudia."

Vigelegele vilishinda mvua. Aliweka bahasha kwenye kikapu, na mimi nilimsogezea, asije akakosea ikaanguka chini. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Zangu ziko nyuma ya kopo la majani chai. Nilikuwa nimemeza kimoja kabla ya kuvaa viatu.

Jumatatu, 4 Aprili

Peres amekunywa uji akiimba. Nimemuuliza kama ni kweli hatameza tena. Akaniuliza, "Kwani hukunisikia?"

Niandike hapa, kwa sababu Daktari huenda haelewi. Kwetu ushuhuda si maneno ya kupitisha wakati. Mtu akishasimama akasema, kanisa linamshikia neno lake. Jumatano akina mama wanamuuliza, dada, bado uko huru? Akisema amerudia dawa, si yeye tu aliyeanguka. Ni kama amemwita Mungu mwongo mbele ya watu wote.

Nimelala vibaya.

Alhamisi, 7 Aprili

Yangu 140/88. Ya Peres 168/98, kupitia dirishani. Daktari alimwambia aende kliniki. Peres akamjibu, "Mwalimu, wewe si ulisema kazi yako ni kuandika? Andika."

Jumatatu, 11 Aprili

Nimeenda kliniki peke yangu. Muuguzi ameuliza mwenzangu yuko wapi. Nimesema amesafiri.

Alhamisi, 14 Aprili

Ya Peres 184/110. Leo hakuitangaza. Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu akiangalia ukuta.

Asubuhi alitokwa damu puani, matone yakaanguka kwenye leso yake ya kijani. Nikamwinamisha kichwa, nikambana pua kama mtoto.

"Peres, utaanguka."

"Nitaangushwa na nani?"

"Na huo ukaidi wako. Rudia dawa. Mungu hatakasirika."

"Ulimuuliza?" Sauti ilitoka puani, imebanwa, lakini ilikuwa kali. "Mama Wangui, ni wewe ulinishikia kikapu. Sasa unataka nirudishe mkono ndani nitoe? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie kichwa kinakuuma."

"Nitawaambia imani yangu ilidumu siku kumi na moja?"

Nilitaka kumwambia juu ya kopo la majani chai. Mwenyekiti wa akina mama, miaka kumi na nne. Niliona haya, na haya yangu ilinishinda nguvu kuliko damu yake. Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 16 Aprili

Niliamka saa kumi na moja. Nilichukua kidonge changu, nikakisaga katikati ya vijiko viwili mpaka kikawa unga. Nikaweka kwenye kikombe cha Peres, uji juu, limau, sukari vijiko vinne. Alikunywa wote. Akasema, "Leo uji ni wa harusi. Nani anaolewa?"

Mimi sikumeza. Vidonge ni thelathini kwa mwezi na sisi ni wawili.

Jumapili, 17 Aprili

Nimesaga.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimesaga. Mvua kubwa, choo cha ploti kimefurika. Nimeongea na Peres na fundi.

Alhamisi, 21 Aprili

Ya Peres 170/100. Yangu 150/92.

Alhamisi, 28 Aprili

Ya Peres 154/92. Anapanda ngazi za nyuma akiwa na ndoo mbili. Yangu 160/96. Yeye anameza na hajui. Mimi simezi na najua. Maombi tunayo sawa, labda mimi zaidi, maana yeye anashukuru na mimi naomba nisikamatwe.

Jumatatu, 2 Mei

Daftari hili Daktari atalichukua mwezi wa sita. Nimefikiria kuchana karatasi ya tarehe kumi na sita. Nilishika kona yake, nikaiachilia. Karatasi ikichanwa, ile ya upande wa pili inalegea pia, na huko nimeandika mambo ya kweli.

Alhamisi, 5 Mei

Ya Peres 144/88. Yangu 168/100.

Daktari alirudia kunipima mara mbili. "Cucu, kuna kitu kinakusumbua? Unameza?"

"Niko sawa."

"Na uongozi wa akina mama? Ni mzigo?"

"Kidogo."

Akaandika, akaandika, akageuza karatasi akaandika tena. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nimemzoea huyu mtoto. Hufika na viatu vya matope, hakatai chai, na hajawahi kuniharakisha. Leo nimemwona akifurahia kitu ambacho si kweli, na mimi ndiye niliyempikia.

Jumapili, 8 Mei

Peres ameshuhudia tena. Safari hii alikuwa na nambari kwenye karatasi. "Mia na themanini na nne ilikuwa, sasa ni mia na arobaini na nne, na sijaonja hata kidonge kimoja! Na si mimi nasema. Mashine ya chuo kikuu ndiyo inasema!"

Watu walisimama. Pasta Kuria alilia. Akasema Jumapili ijayo kikapu kitatolewa tena kwa yeyote aliyeguswa.

Nilisema amina.

Jumatano, 11 Mei

Kliniki. Muuguzi amenipima, akaniuliza kama vidonge nawapa kuku.

Jumapili, 15 Mei

Ilinyesha tangu jana. Nimevua viatu, nitaandika yote.

Baada ya wimbo wa pili Pasta aliita. Nikasimama mbele na kikapu. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Ndungu. Ndungu ana ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi walimkata kidole cha mguu, na tangu hapo hutembea kama mtu anayekanyaga mayai. Alikuja polepole, amevaa koti lake la suti, mkononi ana kile kiboksi chake cha dawa.

"Shikilia vizuri, Njambi," akasema, na akatabasamu. "Kama Mungu amemfanyia Peres, mimi ni nani?"

Nilivuta kikapu nyuma.

Akadhani nimeteleza. Akanyoosha mkono tena. Nikakivuta tena, nikakibana kifuani.

"Ondoa mkono wako, Ndungu."

Pasta akanong'ona, "Mama Njambi. Kikapu."

Nikageuka kwa watu. Mdomo haujawahi kuniangusha.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Njambi, nimeokoka. Mnanijua, hakuna hapa sijamfokea. Nina ushuhuda. Mwezi wa nne niliwashikia hiki kikapu mkaweka dawa zenu, na zangu nilikuwa nimeacha nyumbani nyuma ya majani chai. Nilimeza asubuhi hiyo. Ningemeza na kesho yake. Presha ya Peres ilipopanda, nilianza kusaga vidonge vyangu nikimwekea kwenye uji. Kila siku. Hakujua. Ile nambari aliyowasomea ni ya vidonge. Aliwaambia ukweli wote alioujua. Mwongo ni mimi."

Mvua ilikuwa kwenye mabati.

Peres alisimama mstari wa nne. Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Alikuja mpaka mbele, akatazama ndani ya kikapu kitupu, hakunitazama mimi.

"Mwezi mzima?"

"Tangu tarehe kumi na sita."

"Na Jumapili iliyopita nikisimama hapa na karatasi, wewe ulikuwa umeketi wapi?"

"Pale."

"Ukisema nini?"

"Amina."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza. Kisha akatoka. Mwavuli wake ulibaki chini ya benchi.

Pasta alinichukua kikapu mikononi. Akamwambia Ndungu, "Mzee, rudi nyumbani umeze." Baada ya ibada aliniita pembeni, akasema nipumzike kidogo uongozini mpaka atakaponiita. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Ningemuuliza yule mgeni maswali kabla sijampa mimbari." Sikubishana naye, na yeye hakunihubiria.

Jumatatu, 16 Mei

Nimepika uji, bila kitu. Hakuja. Umepoa.

Jumanne, 17 Mei

Umepoa.

Jumatano, 18 Mei

Umepoa. Nimewapa kuku. Mimi nimerudia kumeza.

Alhamisi, 19 Mei

Nilimpa Daktari daftari likiwa wazi kwenye tarehe kumi na sita ya Aprili. Alisoma amesimama, na mkoba bado begani. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Cucu, ungemuua. Ungejiua na wewe."

"Alikuwa anakufa hata hivyo."

"Ungeniambia!"

"Wewe ungesema ni siri."

Hapo akaketi. Akasema mtu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake hata kama anakosea. Hasa akiwa anakosea. Nikamwambia nimemlisha Peres miaka ishirini na mbili. Akasema, "Ndiyo. Na hapo katikati uliacha kumuuliza."

Neno hilo nililifikiria wakati wote nikiosha vikombe, na ni kweli.

Akaniambia pia kwamba alikuwa ameshaanza kuandika juu yetu. Mistari miwili kwenye karatasi, mmoja unashuka, mwingine unapanda. "Nilifurahi sana, Cucu. Sikujiuliza mara mbili." Alionekana mdogo, kama Wangui wangu alipoanguka mtihani. Nikamkaangia mayai. Alikula matatu.

Alhamisi, 26 Mei

Yangu 150/90. Peres amekataa mashine. Amemwambia Daktari amtoe kwenye utafiti, na akitaka kujua urafiki ukoje aulize mtu mwingine. Nje ya chumba cha tatu kuna makatoni mawili. Mke wa fundi wa choo anasema ametafuta chumba mtaa wa Satellite.

Hamezi. Najua kwa sababu nimesikia akitapika asubuhi, na nimemwona akishika ukuta akienda bombani.

Jumapili, 29 Mei

Nimekaa mstari wa mwisho. Peres pia, upande ule mwingine. Wakati wa shuhuda Mzee Ndungu alisimama.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Ndungu, nimeokoka. Wiki hii nimemeza dawa yangu asubuhi na jioni, nikaomba kabla na nikashukuru baada. Sukari imeshuka. Bwana ametenda."

Pasta akasema, "Amina," yeye kwanza. Wengine wakafuata, wachache wachache. Ndungu hakuketi. Aliendelea mpaka habari za kidole.

Jumatatu, 30 Mei

Nimegonga chumba cha tatu saa tatu asubuhi.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Kama ni mambo ya choo, sema. Kama si ya choo, enda."

"Kichwa kinauma?"

"Ni changu."

"Peres, enda kliniki."

Mlango haukufunguliwa, lakini sauti ilisogea karibu. "Niende vipi? Nilisimama mara mbili. Mara ya pili nikasoma nambari kama karani. Watoto wa Sunday School walinipigia makofi. Na kumbe haikuwa Mungu."

"Nani amesema? Unadhani mimi huamka saa kumi na moja kwa hiari yangu, na goti hili? Kuna aliyenisukuma."

"Usimsingizie Mungu mambo ya kijiko chako."

Hapo alinipata. Mvua ikaanza, nikaiacha inipige.

"Nisamehe," nikasema. "Si kwa kusaga tu. Ile siku ya kwanza. Nilikuona ukija na bahasha, nikakusogezea kikapu, na nilikuwa nimemeza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Akasema, "Enda ndani, unanyeshewa. Sitaki kusingiziwa na hiyo."

Alhamisi, 2 Juni

Saa mbili asubuhi nilimwona dirishani, amevaa koti la kwenda mbali, anatembea akishika ua. Hakuelekea Satellite. Alishika njia ya kliniki. Nikavaa viatu nikamfuata, nyuma hatua hamsini. Yeye akisimama kupumua, mimi nasimama.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nafasi ilikuwa moja tu, karibu naye. Nikaketi. Kila mmoja alishika mkoba wake magotini.

"Sikuja kwa sababu yako," akasema, akitazama mbele.

"Najua."

"Ndungu akishuhudia anaongea mrefu sana."

"Sana."

"Lakini alisema."

"Alisema."

Akaitwa nyuma ya pazia. Alikaa huko hata nikaanza kusali kwa sauti, na mama mmoja akanisogelea akidhani nimefiwa. Alipotoka alikuwa na bahasha mpya, na muuguzi alikuwa anamfuata na fomu, amekunja uso.

"Huyu asilale peke yake wiki hii," muuguzi akasema. "Na wewe, Cucu, leo si tarehe yako."

"Najua."

"Huyu si mwenzako?" akamuuliza Peres.

"Ni landilodi wangu," Peres akasema.

Miaka ishirini na mbili, na leo ni mwenye nyumba tu. Nilimeza hiyo pia.

Muuguzi akaweka fomu kwenye ubao wake. "Mama Peres, lazima niandike mtu mmoja atakayehakikisha unameza kila siku. Mtoto wako yuko karibu?"

"Eldoret."

"Basi nani?"

Peres alitazama dirishani. Aliitazama bahasha, akaifungua, akahesabu vidonge na kidole, akaifunga. Watu wa benchi wote walikuwa wanangoja pamoja nasi. Mwishowe akanielekezea kidevu.

"Andika huyu. Ana bidii." Akavuta koti lake vizuri. "Lakini andika na hii: uji nitajipikia mwenyewe."

Muuguzi aliuliza kama ni lazima aandike hiyo ya uji. Mimi nilimwambia aandike.